Sura ya Saba: Malkia Asiye na Mshahara

Sura iliyopita tulimwacha Theresia Dismas mjini Brazzaville mwaka 1965, na mkuki uliompa medali ya fedha katika Michezo ya kwanza ya Afrika. Mkuki una jambo moja jema: hauhitaji klabu. Uwanja wa shule unatosha, pawe na nyasi au vumbi, na mwalimu anayejua kazi yake. Mchezo wa sura hii uko kinyume. Tenisi inataka sakafu iliyosawazishwa na kupigwa mistari, wavu, raketi, mipira inayochakaa upesi, na zaidi ya yote mtu wa kucheza naye aliye hodari kuliko wewe. Vitu hivyo kwa kawaida viko nyuma ya geti, na geti lina mwenyewe.

Watu wa Nguvumali hawana haja ya kusimuliwa habari za geti. Tanga ya Wajerumani, na ya Waingereza baada yao, ilipangwa kila mtu na upande wake: Mzungu Ras Kazone apate upepo wa bahari, Mhindi dukani, Mwafrika Ngamiani na mitaa iliyozaliwa nyuma yake. Tenisi ikaufuata upepo. Mtoto wa kuli wa bandarini alikuwa na kazi moja tu pale uwanjani, nayo ni kuokota mipira ya wakubwa. Ndiyo maana hadi leo msichana wa Nguvumali mwenye mbio na mkono mwepesi huelekezwa kwenye mpira wa pete, na kaka yake huota kuingia Mkwakwani na jezi ya Coastal Union au African Sports. Hakuna aliyewakataza tenisi. Haikupita mtaani kwao, basi.

Mwanamke nitakayemsimulia, mtaani kwake ilipita, na ilipita kwa bahati.

Althea Gibson alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Baba yake, Daniel, na mama yake, Annie, walilima pamba katika shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Waliosikia wazee wakieleza habari za kipande mkongeni, jinsi mtu alivyofanya kazi mwezi mzima na bado akajikuta anadaiwa, hawatashangazwa na hesabu ile: mbegu za tajiri, chakula cha mkopo, na mwisho wa msimu mkulima hana kitu. Mwaka 1930 familia ikahamia New York, mtaa wa Harlem, barabara ya 143.

Barabara ile ilikuwa miongoni mwa zile ambazo mchana polisi walizifunga kwa vizuizi, magari yasipite, watoto wacheze. Katikati ya lami palichorwa kiwanja kidogo cha tenisi ya vibao, mchezo wa raketi za mbao zisizo na nyuzi, uwanja mfupi na sheria chache. Kiwanja kilikuwa mbele ya nyumba yao. Althea alikuwa mtoro wa shule, mpiganaji wa mitaani ambaye baba yake alimfundisha ndondi ili asionewe, na alikaa kwenye lami hiyo tangu asubuhi hadi giza. Mwaka 1939, akiwa na miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa tenisi ya vibao wa jiji zima.

Hapa niweke vipimo viwili kwa wanaopanga matumizi ya viwanja vya shule zetu. Uwanja wa mpira wa pete una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Mistari ya uwanja wa tenisi, hata ule wa wachezaji wawili wawili, ni mita 23.77 kwa 10.97. Unaingia ndani ya ule wa kwanza na nafasi inabaki. Haitoshi kwa mashindano, maana mchezaji anahitaji pa kurudi nyuma, lakini mtoto wa miaka tisa anayejifunza kuurudisha mpira haombi zaidi ya hapo.

Aliyemwona Althea pale barabarani ni Buddy Walker, mwanamuziki aliyekuwa pia msimamizi wa michezo ya watoto. Akamnunulia raketi mbili kuukuu, akamwambia apige mpira ukutani. Kisha akampeleka kwenye klabu ya Cosmopolitan, ambako Waafrika-Marekani wenye uwezo, madaktari na walimu, walicheza tenisi yao wenyewe, kwa kuwa zile klabu nyingine hazikuwapokea. Wanachama wakachanga ada yake. Kocha wa pale, Fred Johnson, alikuwa na mkono mmoja, na ndiye aliyemfundisha kushika raketi, kusimama, kusubiri.

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Wale mabwana na mabibi wa klabu walitaka binti mwenye sauti ya chini na sketi nyeupe iliyopigwa pasi, naye alizoea mchezo ambao mtu akikuudhi unamfuata upande wake wa wavu. Aliwaona wana maringo, wakamwona hana adabu, na nadhani kila upande ulikuwa na haki yake. Lakini wale wenye maringo ndio waliolipa, na hilo halikubadilika katika maisha yake yote: kila alipofika palikuwa na mtu anayelipa, na anayelipa ana masharti.

Mwaka 1946 madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa North Carolina na Robert Walter Johnson wa Virginia, walimwona akishindwa katika fainali ya wanawake ya chama cha tenisi cha Waafrika-Marekani. Wakakubaliana kumlea. Msimu wa shule akakaa kwa Eaton, aliyekuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake. Kiangazi akakaa kwa Johnson, ambaye baadaye angemfundisha pia Arthur Ashe. Akarudi darasani na watoto wadogo kwake, akamaliza sekondari mwaka 1949 akielekea miaka 22. Chuo Kikuu cha Florida A&M, chuo cha watu weusi huko Tallahassee, kikampa nafasi na kumgharimia kwa sababu ya michezo. Ubingwa wa chama kile cha weusi aliutwaa mara kumi mfululizo, 1947 hadi 1956.

Mlango wa mashindano makubwa ulikuwa bado umefungwa. Sheria haikutaja rangi. Ilisema mchezaji aalikwe baada ya kujipatia sifa katika mashindano ya awali, na mashindano hayo yalichezwa katika klabu zisizomruhusu kuingia. Mtu aliyelivunja fumbo hilo hadharani alikuwa mzungu na bingwa, Alice Marble, mshindi wa Wimbledon mwaka 1939. Julai 1950 aliandika katika jarida la tenisi la Marekani kwamba wanaojiita mabibi na mabwana wa mchezo huu waache unafiki, na kwamba kama Gibson ni tishio kwa wachezaji wa sasa, basi wakutane naye uwanjani. Mwezi uliofuata akaalikwa Forest Hills, mashindano ya taifa.

Raundi ya kwanza alishinda bila taabu. Ya pili akapangiwa Louise Brough, bingwa wa Wimbledon miaka mitatu mfululizo. Seti ya kwanza Brough alishinda 6-1. Ya pili Gibson akashinda 6-3. Ya tatu alikuwa mbele 7-6, gemu moja tu imebaki, mbingu ikafunguka. Radi ikapiga mmoja wa tai wa mawe waliopamba kuta za uwanja, akaanguka chini, na watu wakakimbia. Mechi ikaahirishwa. Usiku kucha msichana wa miaka 23 alikaa na gemu ile moja kichwani, na waandishi wa habari mlangoni. Kesho yake ilimchukua Brough dakika 11 kushinda gemu tatu mfululizo, 9-7.

Husimuliwa kana kwamba baada ya hapo njia ilinyooka. Haikunyooka. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya kudumaa. Alimaliza chuo mwaka 1953, akafundisha elimu ya viungo katika Chuo cha Lincoln, Missouri, kwa mshahara wa mwalimu, na mwaka 1955 alikuwa amejiandaa kuacha tenisi aingie jeshini. Kilichomzuia ni serikali. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa ikitafuta sura nyeusi ya kuionyesha Asia wakati magazeti ya dunia yakiandika juu ya ubaguzi wa Kusini, ikamweka katika kikundi cha wachezaji wanne waliozunguka nchi za bara hilo. Yeye mwenyewe alikuwa na haja moja tu: kucheza kila siku na watu hodari, mtu mwingine akilipa nauli. Akarudi si yule aliyeondoka. Mei 1956 alishinda mashindano ya Ufaransa, mtu mweusi wa kwanza kutwaa mojawapo ya yale mashindano makubwa manne. Mwaka huohuo alishinda wawili wawili Paris na Wimbledon pamoja na Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi ambaye naye alijua maana ya klabu kukataa fomu yako. Jina hilo likumbukwe.

Tarehe 6 Julai 1957 alimfunga Darlene Hard 6-3, 6-2 katika fainali ya Wimbledon. Aliyemkabidhi sahani ni Malkia Elizabeth, aliyekuja pale kwa mara ya kwanza tangu atawazwe. Kesho yake TANU ilitimiza miaka mitatu. Bibi Titi Mohamed alikuwa njiani mkoa hadi mkoa akiwaambia wanawake wa Tanganyika wachukue kadi, na noti za nchi hii zilikuwa na picha ya malkia huyohuyo. New York ilimpokea Gibson kwa maandamano na mvua ya karatasi kutoka maghorofani. Septemba akashinda mashindano ya Marekani dhidi ya Brough yuleyule, na mwaka 1958 akatetea yote mawili. Jumla alipata mataji makubwa 11: matano peke yake, matano ya wawili wawili, moja la mchanganyiko.

Na mfuko mtupu. Mashindano hayo yote yalikuwa ya ridhaa. Bingwa alipewa kikombe, nauli na posho ya chakula; aliyepokea malipo alifukuzwa. Kwa mtoto wa tajiri huo ulikuwa utaratibu wa kiungwana. Kwa binti wa mlima pamba aliyefika umri wa miaka 31 akiwa analala kwa marafiki, ulikuwa mtego. Magazeti ya weusi nayo yalimlaumu kwamba hasemi kwa niaba ya watu wake, naye akajibu kwamba yeye ni mchezaji tu. Lawama ile naiona nzito kupita kiasi. Hakuna aliyemwuliza Darlene Hard anawakilisha nani.

Mwishoni mwa 1958 akaacha mashindano, akatafuta riziki. Alikuwa na sauti nzuri, akatoa sahani ya nyimbo mwaka 1959. Akaigiza katika filamu ya John Wayne, The Horse Soldiers, nafasi ya mtumwa wa nyumbani, akakataa kusema yale maneno ya kijinga aliyoandikiwa mpaka yakabadilishwa. Fedha za kweli zilipatikana mahali pa ajabu. Mwaka 1959 na 1960 alizunguka Marekani na timu ya kikapu ya Harlem Globetrotters, na kabla ya mechi au katikati yake walitandika uwanja wa tenisi ndani ya ukumbi, yeye na mchezaji mwenzake Karol Fageros wakaonyesha mchezo mbele ya watu waliokuja kucheka na wachekeshaji wa kikapu. Hiyo ndiyo ilikuwa tenisi ya kulipwa ya bingwa wa dunia. Alipojaribu kuanzisha ziara yake mwenyewe, ikamla fedha zake.

Akashika gofu. Mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake, akiwa na miaka 37, umri ambao wengi wanastaafu. Hoteli zilimkataa, klabu zikamruhusu uwanjani na kumnyima chumba cha kubadilishia nguo, akavaa viatu ndani ya gari. Nafasi yake bora ilikuwa kufungana kwenye ya pili, mwaka 1970.

Sasa linganisha tarehe. Aprili 1968 tenisi ilifuta ukuta baina ya ridhaa na kulipwa. Wimbledon ya mwaka ule ilimlipa Rod Laver pauni 2,000 na Billie Jean King pauni 750. Gibson alikuwa na miaka 40. Septemba 1970 wanawake tisa walisaini mikataba ya dola moja moja mjini Houston ili waanzishe mashindano yao; mwaka 1973 wakaunda chama chao, na mwaka huohuo mashindano ya Marekani yakalipa wanawake sawa na wanaume. Wimbledon ilisubiri mpaka 2007. Hadi Mmarekani mweusi mwingine wa kike ashinde taji kubwa peke yake, Serena Williams mwaka 1999, ilipita miaka 41.

Wakati Serena anajifunza, Gibson alikuwa nyumbani kwake East Orange, New Jersey, amepigwa na kiharusi, hana kodi ya nyumba wala fedha za dawa. Katikati ya miaka ya 1990 alimpigia simu Buxton kumuaga, kwa kuwa alikuwa ameamua kujiua. Buxton alifanya jambo ambalo kijana wa Nguvumali angelitambua mara moja: alichangisha. Akahakikisha barua inachapishwa katika jarida la tenisi, na bahasha zikaanza kufika kutoka nchi mbalimbali. Gibson akaishi mpaka tarehe 28 Septemba 2003. Sanamu yake nje ya uwanja mkubwa wa New York ilisimamishwa mwaka 2019, alipokuwa hana haja nayo.

Msomaji wa pwani atauliza, je, huku kwetu? Ng'ambo ya bahari yetu, Muscat, alizaliwa mwaka 1991 Fatma Al-Nabhani. Mama yake ndiye aliyekuwa kocha wake na kaka zake wote wachezaji. Naye aliingia tenisi ya kulipwa akiwa amevaa suruali ya kubana chini ya sketi, mikono imesitirika, na hakuna mwamuzi aliyemzuia. Nalitaja kwa ajili ya wazazi ambao kikwazo chao cha kwanza ni vazi. Kikwazo hicho kina jibu. Nauli ndiyo isiyo na jibu rahisi, kwa sababu nafasi ya ubora inapatikana kwa kuzunguka nchi hadi nchi kwenye mashindano madogo ambayo zawadi yake haifikii gharama ya ndege na chumba.

Nairobi, tarehe 29 Januari 2004, alizaliwa Angella Okutoyi, pacha, na mama yake akafariki katika uzazi huo. Bibi yake akawalea yeye na dada yake Roselida kwa kazi ya usafi katika shule ya Loreto, Valley Road. Shule ilikuwa na viwanja vya tenisi. Hiyo ndiyo bahati nzima: bibi alikuwa na kazi ndani ya geti. Januari 2022 Angella alishinda mechi mbili katika mashindano ya vijana ya Australia, jambo ambalo hakuna Mkenya wa kike aliyewahi kulifanya, na Julai ya mwaka ule yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp wakashinda ubingwa wa vijana wa wawili wawili Wimbledon, 3-6, 6-4, 11-9.

Upande wa pili wa wavu siku ile walisimama Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walihamia Amerika kutoka Kongo. Pointi mbili tu ziliwatenganisha. Agosti 2025 Mboko alimshinda Naomi Osaka katika fainali ya Montreal, akiwa na miaka 18, nyuma yake likiwapo shirikisho la nchi tajiri lililolipia makocha na safari tangu utotoni. Okutoyi alikuwa na medali ya dhahabu ya Michezo ya Afrika aliyoipata Accra, Machi 2024, ambayo peke yake haikumfikisha Olimpiki ya Paris kwa kuwa nafasi yake ya ubora ilikuwa chini ya iliyotakiwa.

Alichokuwa nacho pia ni nafasi ya masomo. Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kilimchukua kama Florida A&M ilivyomchukua Gibson: ada, chakula, kocha, viwanja, na mechi za kila wiki dhidi ya watu hodari, yeye akiichezea timu yao. Auburn iko saa chache kwa gari kutoka Tallahassee. Mwanafunzi wake wa kwanza mweusi ilimwandikisha Januari 1964, kwa amri ya mahakama, miaka sita na nusu baada ya binti wa Harlem kupeana mkono na Malkia wa Uingereza.